Barua kutoka Kamukuywa

Ndugu yangu,

Mimi mzima, ila visigino vinaniwaka moto, na hicho ndicho kisa cha barua hii. Uliniambia bara hakuendeki kwa miguu, ukitoka mlangoni tu ni bodaboda. Nakukosoa, lakini nusu tu.

Kitale nilipanda matatu ya Webuye. Tukaipita Kiminini, tukaiacha Trans Nzoia, na kabla sijamaliza hindi langu la kuchoma utingo akagonga bati: "Kamukuywa, wa Kamukuywa!" Stendi yenyewe ni barabara. Si mzaha. Hiyo ni A1, inayoanzia Isebania mpakani mwa Tanzania na kuishia Nadapal mpakani mwa Sudan Kusini, na hapa inapita katikati ya watu wanaonunua nyanya. Mitumba upande huu, omena upande ule, trela katikati.

Nilisimama nyuma ya mama mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani. Likapita lori la miwa, zikapita matatu mbili, ikapita pikipiki iliyobeba magodoro hadi dereva haonekani. Mama hakuyatazama magari hata kidogo. Alitazama unyayo wa mtoto wa shule aliyekuwa mbele yetu. Mtoto alipoinua mguu, naye akainua. "Nifuate, mgeni," akasema, "hawa watoto wanajua lori kwa mlio." Nikamfuata, na ng'ambo nikavuka mtaro juu ya ubao ambao mwenye duka kauweka mwenyewe ili wateja wamfikie. Miongoni mwa wanaouawa barabarani nchini Kenya, kundi kubwa zaidi ni la wanaokwenda kwa miguu. Siku ile sikuhitaji takwimu.

Sasa sikiliza. Nyuma ya yale maduka, hatua mia moja hivi, kelele zilikatika. Kuna njia ya miguu kati ya ua wa mnyaa na shamba la mahindi, pana kiasi cha watu wawili kupishana mmoja akigeuza bega. Ndiyo iliyonipeleka kwa wenyeji wangu, na siku tatu nzima ndiyo tuliyotumia kwenda kila mahali: kinu cha kusaga unga, kanisani, shuleni, mtoni, kwa fundi cherehani. Na kila tuliyekutana naye ilikuwa "Mulembe!", akasimama, akauliza nimetoka wapi, nikajibu Lamu, akacheka. Asubuhi Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, unausindikiza mwendo wako wote.

Nilikumbuka Usita wa Mui, njia yetu kuu kule Lamu. Kwetu watalii hushangaa mji kuishi bila magari, nayo UNESCO ikatuandika kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, nasi tukavimba kichwa. Lakini tazama kazi iliyofanyika: nyumba ndefu zimetupa kivuli, daka mlangoni limempa mpita njia mahali pa kuketi, wikio, kile chumba kinachounganisha nyumba mbili, limepita juu ya vichwa badala ya kuziba kichochoro. Mtu alifikiri. Hapa njia imechorwa na nyayo tu, na hapo ndipo penye taabu.

Mwenyeji wangu alinionyesha. Babu yake alikuwa na shamba moja. Wana wakagawana, wajukuu wakagawana tena, na kila anayepewa kipande husogeza ua hatua moja. Njia haimo katika hati ya mtu yeyote, kwa hiyo ndiyo inayoliwa kwanza. Mahali pamoja tulipita kwa ubavu, kama kaa. Alisema alipokuwa mtoto walipita hapo na ng'ombe wanne wa jembe wakiwa na nira shingoni.

Simchukii bodaboda. Mgonjwa usiku wa mvua hatatembezwa kwenye tope lile, wala gunia la mbolea halitajibeba. Lakini nimeona wapima ardhi wakija na vigingi kwa ajili ya barabara na ploti, sijaona kigingi hata kimoja kwa ajili ya njia ya miguu. Ningekuwa na sauti kaunti, ningeomba mambo mawili: mahali pa kuvukia A1 ambapo lori linalazimika kusimama, na njia za miguu zipimwe, ziandikwe kwenye ramani ya ardhi kabla wajukuu hawajagawana tena. Wahispania wa Pontevedra walianza kuondoa magari katikati ya mji wao mwaka 1999, na sasa wageni huenda kujifunza kwao. Kamukuywa haina gari la kuondoa nyuma ya maduka. Ina njia ya kuokoa tu.

Ukija, lete viatu vya kufunga kamba; hizo ndala zako za Lamu zitabaki topeni. Na ukishuka, usivuke peke yako. Tafuta mtoto wa shule, umfuate.

Wako,
mimi niliyechoka miguu