Galgalo ni Jioni

Babu yangu alizaliwa jioni. Hiyo ndiyo maana yote ya jina langu la mwisho. Galgalo ni mtoto wa jioni, saa ambayo ng'ombe wanarudi bomani na kina mama wanatafuta vyombo vya kukamia. Angechelewa kidogo angeitwa Halkano, wa usiku. Angewahi, angekuwa Guyo, wa mchana, au Boru, wa alfajiri. Na mimi leo, miaka mingi baadaye, ningekuwa na jina tofauti kwenye kitambulisho na kwenye kila meseji ya M-Pesa, kwa sababu tu nyanya yake babu alishikwa na kazi ya kumzalisha mkwewe saa nyingine.

Nilikuwa silifikirii sana hilo jina. Ni jina la mwisho, linakaa mwisho. Lakini mwaka jana tulipata mtoto wa kiume hapa Isiolo, na fomu ya cheti cha kuzaliwa ikawa mezani kwetu karibu wiki tatu. Kila kitu kilijazwa isipokuwa pale pa jina la mwisho. Mezani tukala, tukahama na chai, fomu ikabaki.

Wacha nieleze shida iko wapi.

Kwetu Waborana, jina la mwisho halikai. Tuseme kuna jamaa anaitwa Abdi Hassan Galgalo. Abdi ni yeye, Hassan ni babake, Galgalo ni babu yake. Abdi akipata mtoto amwite Ali, huyo ni Ali Abdi Hassan. Galgalo ameshuka. Ni kama boda iliyobeba watu watatu: mmoja akipanda mbele, wa nyuma anashuka, na safari inaendelea. Hakuna aliyekosewa. Wasomali wa mji huu wanafanya vivyo hivyo. Ukivuka mpaka wa Moyale uingie Ethiopia, utakuta watu wanatumia jina lao na la baba, basi, na serikali yao haishangai. Waziri mkuu wao anaitwa Abiy Ahmed, na ukitaka kumwita kwa heshima unasema Daktari Abiy. Ukisema Daktari Ahmed umemwita babake.

Isiolo kila jirani ana hesabu yake. Mturkana wa Ngare Mara anaweza kuwa Lokiru kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha alipozaliwa, na dadake akawa Nakiru kwa mvua nyingine. Msamburu wa Oldonyiro ana majina yanayoanza na Le-, na hayo kweli ni ya familia, yanatoka kwa baba kwenda kwa watoto bila kubadilika. Ukisikia Lesuuda au Lenolkulal unajua umeshika mlango wa nyumba fulani. Sisi wengine jina la mwisho halikuonyeshi nyumba. Linakuonyesha mzee mmoja na saa aliyozaliwa.

Sasa, kuna tovuti ambazo ukiandika jina lako la mwisho zinakupa ramani ya dunia, zinapaka rangi mahali wenzako walipo. Wazungu wanazipenda sana, hasa wenye majina adimu. Waingereza wana orodha za sensa ya 1881, na mtu mwenye jina lisilo la kawaida anaweza kufuatilia mpaka kaunti moja, wakati mwingine kijiji kimoja, aseme sisi tulitoka hapa. Nikajaribu langu. Rangi ikashuka kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, mahali nilipotarajia.

Lakini ile ramani haikuwa ya familia yangu. Akina Galgalo wa Marsabit si ndugu zangu. Akina Galgalo wa Moyale siwajui. Wakati huohuo nina binamu wa damu ambao jina lao la mwisho ni Wario na Roba. Ukitaka kujua kama mimi na wewe ni ndugu, au kama naweza kumwoa dadako, utaniuliza gosa langu, ukoo wangu, na kama niko upande wa Sabo au wa Gona, kwa sababu Msabo anaoa Gona na Mgona anaoa Sabo. Jina la mwisho halijui lolote kuhusu hayo. Ukichora ramani ya Galgalo umechora ramani ya watoto waliozaliwa jioni. Roba ni ramani ya mvua. Bonaya ni ramani ya kiangazi, na Godana ya siku watu walipokuwa wakihama.

Kinachonifurahisha ni kwamba hata hao Waingereza walianza kama sisi. Johnson wa kwanza alikuwa kweli mtoto wa John. Mtoto wake alitakiwa kuitwa kitu kingine. Lakini kati ya uvamizi wa Wanormani wa 1066 na karibu mwaka 1400, kidogo kidogo, kodi, urithi wa mashamba na makarani viliyagandisha majina, na John mmoja akabaki kuwa baba wa watu ambao hajawahi kuwaona. Wales walishikilia mnyororo wao kwa muda mrefu zaidi. Walisema ap, yaani mwana wa, mpaka ap Rhys akageuka kuwa Price. Uturuki ilifanya kwa sheria moja, mwaka 1934, kila familia ichague jina. Iceland wamekataa mpaka leo.

Kwetu kugandisha kulikuja vipande vipande, na kila karani aligandisha mahali tofauti. Babangu kitambulisho chake kina majina matatu: lake, Galgalo, na la babu yake. Amu yangu, ndugu yake wa tumbo moja, aliandikwa majina mawili tu, lake na Galgallo, kwa l mbili. Mimi niliandikwa matatu, nikaishia na Galgalo. Kwa hiyo ukitusoma kwenye karatasi, mimi na amu tuna jina moja la mwisho, na babangu ni mtu mwingine kabisa. Babu alipofariki akaacha kiploti Bulla Pesa, kuna ofisi ilitaka babangu athibitishe kwamba yeye ni mtoto wa babake. Mzee wa miaka sitini na kitu akaenda kuapa mbele ya wakili kwamba Galgalo na Galgallo ni mtu mmoja, na kwamba mtu huyo alimzaa. Barua ya chifu, mashahidi wawili, nauli. Miezi saba.

Akko, nyanya yangu, yeye alikaa miaka mingi bila karatasi yoyote. Wanawake waliingizwa kwenye usajili wa vitambulisho Kenya mwaka 1978, na yeye alikuwa tayari na watoto. Alivyoenda kuandikwa, aliulizwa jina la mume, akalitaja, nalo likawekwa mwisho. Anasema mpaka leo hajaelewa kwa nini serikali ilimfanya mtoto wa jioni na yeye alizaliwa asubuhi.

Jina linaweza pia kufika mbali na mwenyewe asijue. Juni 1963 mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika hapa Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa kwa risasi pamoja na chifu wa Waborana, Haji Galma Dida. Muda mfupi baadaye vita vya Shifta vikaanza na watu wetu wakapoteza mifugo, babu yangu akiwa mmoja wao. Ndiyo maana tukawa watu wa mjini. Leo kuna Wabera Street katikati ya Nairobi, na hapa kwetu kuna wadi ya Wabera. Nilipokuwa chuoni nilikuwa napita ile barabara karibu kila siku, nikiwaza kwamba yeye mwenyewe ni Dabasso. Wabera ni mzee aliyemtangulia. Watu wanakutana kwenye kona ya mzee huyo kununua simu.

Basi, tukirudi kwenye fomu. Babangu alikuwa na msimamo wake, na haukuwa wa mapenzi ya jina tu.

"Hilo Galgalo ndilo lilitupatia vitambulisho," aliniambia. "Ulipofika miaka kumi na nane uliketishwa mbele ya wazee, ukaulizwa babu yako nani, alizikwa wapi, chifu wake alikuwa nani. Umesahau? Ukilitoa, huyu mtoto akiulizwa atasema nini?"

Sijasahau. Kwa miaka mingi kijana wa kaunti kama zetu alipitia kamati ya kumhoji kabla apewe kitambulisho, mambo ambayo kijana wa Nyeri hakuyajua. Februari 2025 rais alitangaza kwamba ukaguzi huo wa ziada umeondolewa. Babangu aliisikiliza hiyo habari redioni, akazima redio, akasema tungoje tuone. Kwake yeye jina la tatu ni kama uzio wa miiba. Huutoi kwa sababu eti simba wametangaza amani.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo hakulisema yeye, nililiona mwenyewe. Waborana wa Waso, sisi wa upande wa mto Ewaso Nyiro, wengi wetu tuliingia Uislamu katika karne ya 20. Babu alikuwa Galgalo. Watoto wake akawapa majina ya Kiislamu, na wao wakatupa sisi majina ya Kiislamu. Kwa hiyo kwa watu wengi wa umri wangu, ile sehemu ya tatu ndiyo sehemu pekee ya Kiborana iliyobaki. Nikifuata mila na kumwacha babu ashuke, mwanangu atakuwa na majina matatu ambayo mtu wa Mombasa, Khartoum au Jakarta anaweza kuwa nayo. Nikitaka kulihifadhi neno la Kiborana, itabidi niivunje desturi ya Kiborana, niligandishe kama Johnson. Nikishika desturi, neno linapotea. Nilikaa na hilo kwa siku kadhaa na sikupata mlango.

Mke wangu hakuona ugumu wowote. Yeye ni Msomali wa Isaaq, wa zile familia ambazo wazee wao walikuwa askari wa Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza kisha wakapewa ruhusa ya kukaa hapa Isiolo. Kwao mtoto anafundishwa abtirsi, kuhesabu baba na babu kwenda nyuma, kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Yeye anawataja zaidi ya ishirini bila kupumua.

"Wewe unataka karatasi ikukumbukie," aliniambia. "Karatasi ina nafasi tatu. Kichwa kina nafasi ngapi?"

"Na akiulizwa na askari wa barabarani?"

"Atataja wote, mpaka askari achoke."

Tukampelekea Akko. Nilimweleza yote, fomu, kamati, neno na desturi. Alikuwa amempakata mtoto, na nadhani hakusikiliza hata nusu.

"Huyu alizaliwa saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne asubuhi."

"Saa nne." Akaniangalia kama mtu aliyeleta maziwa yaliyoganda. "Jua liko juu, na wewe unataka kumwandika jioni. Jioni gani?"

"Akko, hilo ni jina la mwisho tu. Ni la babu."

"Babu yako alikuwa na jina lake. Huyu mpe lake."

Ndivyo tulivyofanya. Jina la kwanza tukaandika Guyo. La pili ni langu, la tatu la babangu. Galgalo hayumo. Neno limeshuka, lakini ile akili iliyolizaa, ya kutazama jua na kumpa mtoto saa yake, ilikuwa imelala nyumbani kwetu vizazi viwili na sasa imeamka. Imamu hakuwa na neno, alisema jina lina maana nzuri. Majirani ndio waliuliza kama tumeingia siasa, kwa kuwa gavana aliyechaguliwa 2022 jina lake la mwisho ni Guyo. Tumeshawaeleza mara nyingi kwamba ni saa nne tu.

Babangu hakufurahi mara moja. Alichukua nakala ya cheti, akaisoma, akaona jina lake mwenyewe limekaa mwisho, pale alipokuwa amekaa babake. Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza kama wameliandika kwa herufi sawasawa, akatoa miwani, akahakikisha moja moja.

Shida hazijaisha. Familia yetu sasa ina majina manne ya mwisho, na siku tutakaposafiri najua kuna mtu wa ubalozi atakayeuliza huyu ni mtoto wa nani. Nimenunua faili la plastiki, nimeweka ndani vyeti vyote, cha ndoa pia. Mke wangu naye ana faili lake. Jioni akimwogesha mtoto anamtajia upande wake wote, kisha anatulia na kuniita niendelee na wangu. Naanza na babangu, halafu Galgalo, halafu babake Galgalo. Nikifika wa saba inabidi nimpigie Akko simu.