Katika Karakana ya Shaba, Lubumbashi

Mgeni aingiaye Lubumbashi, katika nchi ya Katanga, huonyeshwa bomba refu la moshi na kando yake kilima cheusi. Kilima hicho ni mavi ya shaba, yaliyolimbikizwa tangu tanuri kubwa lilipowashwa mwaka 1911. Lakini wenyeji waliyeyusha shaba kwa makaa karne nyingi kabla ya hapo, na Wanyamwezi waliofuatana na Msiri katika karne ya 19 waliifuata shaba hiyo kutoka mbali.

Sisi tulikwenda katika karakana ndogo ya fundi mmoja ayeyushaye nyaya kuukuu za umeme, kwani nyaya hizo ni shaba safi kabisa. Tulifika baada ya adhuhuri. Usiku mvua ilikuwa imenyesha.

Shaba huyeyuka kwa moto wa digrii 1,085. Ilipokwisha kuwa maji, kijana wa kazi akaifunika kwa vipande vya makaa, ambayo watu wa huko huyaita makala. Tulidhani anaongeza moto.

“La, wageni wangu,” akasema fundi, “hilo ni blanketi lake.”

Akatueleza kwamba shaba iliyoyeyuka huvuta oksijeni ya hewani ikachafuka. Makaa yakiwa juu huitangulia shaba kuila oksijeni hiyo. Hata ile iliyokwisha kuingia, huitoa kidogo kidogo. Chuma kingeyanywa makaa kikabadilika tabia, bali shaba haichanganyiki nayo.

Shaba ikamiminwa. Ilipopoa, uso wake uliumuka kama mkate, na ilipokatwa kwa msumeno tuliona matundu tele. Fundi akalitazama gunia lililoegemezwa ukutani.

“Mwanangu, makaa haya umeyatoa wapi?”

Kijana akainamisha kichwa. Gunia lilikuwa limelowa.

Kumbe maji yaliyomo katika makaa, yakipata moto mkali, hutoa haidrojeni. Shaba ya moto huinywa, na ikiganda huitema. Ikikutana na oksijeni iliyosalia huwa mvuke, nao hukwama ndani. Kazi ya siku mbili ilikuwa imeharibika, na mwenye mali alikuwa akiingoja jioni ile. Tulitazamia matusi, kwa kweli; hatukuyasikia.

Fundi alichagua makaa mengine, akayaweka juu ya bati motoni mpaka yakawa mekundu na kuacha kualika. Ndipo kipande kibovu kikarudishwa chunguni. Safari hii uso ulibonyea kidogo katikati, laini, bila tundu. Kijana alikuwa nje, akianika gunia.