Sahihi ya Tatanka Iyotake

Mwezi wa Juni 1885, huko Standing Rock katika nchi ya Dakota, uliandikwa mkataba wa kumpeleka mzee mmoja wa Kilakota kwenye maonyesho ya William Cody, bwana aliyejulikana duniani kwa jina la Buffalo Bill. Ujira wake ulikuwa dola 50 kwa wiki, na dola 125 za kutangulizwa. Chini ya mkataba ikaongezwa nyongeza fupi: kwamba mzee huyo peke yake ndiye mwenye haki ya kuuza picha zake na sahihi zake. Jina lake ni Tatanka Iyotake, Dume la Nyati Aliyeketi. Wamarekani walimwita Sitting Bull.

Miaka tisa kabla ya hapo, tarehe 25 Juni 1876, Walakota na Wacheyenne walikiangamiza kikosi cha Custer kando ya mto Little Bighorn. Mwaka 1881 njaa ilimlazimisha mzee kusalimu amri, akawekwa mfungwa Fort Randall hadi 1883. Huko alichora visa vya vita vyake vya ujanani. Katika michoro ya zamani, alama yake ilikuwa nyati dume aliyeketi, aliyeunganishwa kwa mstari na kichwa cha mpiganaji. Herufi za Kizungu alifundishwa baadaye na mfanyabiashara mmoja, nazo zilikuwa za jina lake tu. Basi alikuwa na sahihi mbili: moja ya kujitambulisha kwa watu wake, na moja ya kuwapa wageni.

Hii ya pili ndiyo wanayoisaka wakusanyaji wa kumbukumbu za maonyesho yale. Za Cody si haba, kwani alitia sahihi yake katika picha, barua na hati za biashara mpaka alipofariki mwaka 1917. Za Annie Oakley, mwanamke mlenga shabaha asiyekosa, zipo pia. Naye alitoboa kadi nyingi kwa risasi hata tiketi za bure zilizotobolewa tundu zikaitwa kwa jina lake. Lakini za Tatanka Iyotake ni adimu, na penye uadimu waghushi hawakosekani.

Kiswahili kimeliweka jambo hili vizuri, kwani neno letu la alama ya jina ndilo neno letu la kitu kisicho na kasoro. Kazi yote ya mkusanyaji ni kuuliza kama sahihi ni sahihi. Hutazama karatasi na wino, hutafuta nembo ya studio nyuma ya kadi, hufuata njia ambayo kitu kimepita kutoka mkono hadi mkono. Mtu mwingine angepimwa kwa barua zake. Mzee huyu hakuacha barua ya Kiingereza ya mkono wake. Sahihi zake hushuhudiana zenyewe kwa zenyewe.

Msimu ule wa 1885 alipitishwa uwanjani juu ya farasi, na katika miji ya Marekani wako waliomzomea. Mwezi wa Agosti, katika studio ya William Notman mjini Montreal, alipigwa picha pamoja na Cody, nayo ikatangazwa kwa maneno ya kuwa maadui wa mwaka 76 wamekuwa marafiki mwaka 85. Maneno yale yalikuwa ya wenye maonyesho. Fedha za picha na sahihi zilikuwa zake. Annie Oakley alisimulia kuwa sehemu kubwa ya fedha hizo iliishia mikononi mwa watoto maskini.

Tarehe 15 Desemba 1890, polisi wa Kilakota waliotumwa kumkamata walimuua nje ya nyumba yake. Maiti ilipofikishwa Fort Yates, daktari wa jeshi alikata shungi la nywele zake na kuchukua suruali zake, na baadaye vitu hivyo vikapelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Vilikaa huko zaidi ya miaka 100, hadi vilipokabidhiwa kwa vitukuu vyake mwaka 2007.

Nywele zile hazikuwa na shaka yoyote kuhusu asili yake. Mwaka 2021 wataalamu walizitumia kuthibitisha nasaba ya kitukuu aliye hai. Zilikuwa za kweli kuliko sahihi yoyote, lakini hazikuwa halali. Kadi yenye wino uliofifia inaweza kuwa na mashaka mengi. Ikiwa ni yake kweli, basi aliiuza mwenyewe, kwa bei yake, chini ya sharti lililoandikwa mkatabani. Nchi yake ilikwisha kuchukuliwa, na nyati walikwisha kumalizwa. Jina lilikuwa bado mali yake, na hakuna aliyelipata bila ya yeye kushika kalamu.