Safari Yangu ya Kwanza Bungeni

Kabla ya safari hii sikuwahi kuvuka Kahama. Basi lilitoka Bukoba alfajiri, likapita Biharamulo na Nzega, likapanda Sekenke, na Singida wachuuzi wakatufuata madirishani na kuku wa kienyeji na madumu ya mafuta ya alizeti. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya Katesh, mji uliofunikwa na tope la Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023. Usiku ukatukuta Bahi, na hatimaye tukashuka stendi ya Nanenane, Nzuguni.

Nilikuja Dodoma kusikiliza mjadala wa bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, yenye polisi na zimamoto. Sisi watu wa Bukoba hatujasahau tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoangukia ziwani ikiwa imekaribia uwanja. Walikuwamo watu 43, 19 walifariki. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, Serikali ilimpa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Niliipenda hatua ile, maana ilikiri kwamba ushujaa nao unahitaji kufundishwa.

Nilipata chumba Majengo, karibu na soko. Asubuhi nilizunguka kati ya mafungu ya nyanya, vitunguu na zabibu, nikapita kwa mama lishe wenye majiko ya mkaa na mitungi ya gesi. Nikakumbuka Soko la Kariakoo lilivyoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, nikaanza kupima vichochoro kwa macho: gari la zimamoto litapita wapi?

Swali hilo nilimuuliza mwenye nyumba wangu, mzee aliyestaafu, naye akanijibu kwa kunirudisha nyuma hadi tarehe 24 Juni 2002. Siku hiyo, Igandu, mkoani humu humu Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

"Mwanangu, ajali haingoji mtaalamu," aliniambia. "Anayefika kwanza ni aliye karibu."

"Na aliye karibu akiwa askari, mzee wangu?"

"Basi awe anajua la kufanya."

Bungeni nilikaguliwa, nikaacha simu, nikapanda jukwaa la wageni. Mbunge mmoja aliomba gari la zimamoto, mwingine kituo cha polisi, mwingine nyumba za askari, na karibu kila mmoja alimaliza kwa kusema anaunga mkono hoja. Yote hayo ni madai ya haki. Ila chuo cha kuwafunza askari hao nilikisikia mara chache mno, na sababu nadhani naijua: gari likija, wananchi wa jimbo wanaliona likipita, chuo kinawafundisha watu ambao kesho watapangiwa kwingine.

Zimamoto wana chuo chao Chogo, Handeni. Polisi wanaoanza kazi wanapitia shule yao Moshi. Ninachokitamani ni uwanja wa mazoezi ya pamoja hapa nyanda za kati, ambako reli, barabara kuu na ofisi za Serikali zinakutana: jengo la kujazwa moshi, bwawa la kuzamia, mabehewa ya kukatwa, na barabara ya kuigizia ajali. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, na moto ukaua zaidi ya 100. Katika dakika kama zile kazi ya polisi ni kuwarudisha watu nyuma na kufungua njia, ya zimamoto ni kudhibiti mafuta, ya wauguzi ni kupanga nani atangulie hospitali. Watu hao hawawezi kukutana kwa mara ya kwanza kwenye ajali yenyewe. Tena tangu Agosti 2024 treni ya umeme inafika Dodoma rasmi, ikipita kwenye mahandaki ya Kilosa. Uokoaji ndani ya handaki haukisiwi, unafanyiwa mazoezi.

Nikirudi Bukoba nitamwendea mbunge wetu. Nitamwomba asimame kutetea uwanja huo wa mazoezi hata kama hautajengwa Kagera, kwa sababu askari atakayefunzwa Dodoma ndiye atakayekuja kutuvuta majini.