Kambi Muru na Kawa la Wanubi

Wengi wetu wa pwani, tukisikia jina la Kibera, huwaza mabati na matope tu. Wachache wajuao kwamba ndani yake wamo Waislamu wenye nasaba ya Sudan, walioishi hapo kabla Nairobi haijawa jiji.

Kambi Muru ni mojawapo ya vijiji vya Kibera. Neno kambi latukumbusha askari. Wazee wa Wanubi waliletwa kutumika katika jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, na mwaka 1904 wakaanza kukalishwa hapa na aila zao. Palikuwa msitu, nao kwa lugha yao yenye asili ya Kiarabu wakapaita Kibra, yaani msitu. Eneo lilikuwa la ekari zaidi ya 4,000. Reli itokayo kwetu Mombasa hupita katikati yake hadi leo.

Ukiingia katika nyumba ya Kinubi utajihisi u kwa shangazi yako. Chakula huletwa kikiwa kimefunikwa kwa tabaga, ndugu yake kawa letu, lililosukwa kwa mkono na kutiwa rangi za kung'ara. Mama humfunza binti kulisuka kama bibi zetu walivyotufunza kusuka ukili.

Lakini chini ya ukarimu huo pana uchungu. Askari walipewa ruhusa ya kukaa, hati ya ardhi wasipewe. Mji ulipokua, ekari zikapungua moja baada ya moja. Watoto wao walizaliwa Kenya, ila vijana walipofika umri wa kuchukua kitambulisho waliitwa mbele ya kamati kuhojiwa asili yao. Mama akawa na mtoto asiye na hakika ya nchi yake. Shauri hilo lilifika kwa Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto, nayo mwezi wa Machi 2011 ikaamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto hao.

Juni 2017 jamii ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Ni sehemu ndogo ya ile ya mwanzo, na ilikuja baada ya zaidi ya miaka 100. Wengi walioisubiri walikuwa wamekwisha kuzikwa Kibera.

Basi, dada zangu, mkifika Nairobi, wazuruni jamaa hawa. Nasi wa pwani twajua vyema kukaa juu ya ardhi ya babu bila karatasi mkononi.