Binti Yangu Alinifundisha Kuchagua Chuo

Ndugu msomaji, mzazi anayedhani kwamba umri wake peke yake wamtosha kumchagulia mwanawe masomo, na asikilize yaliyonipata mimi.

Kitinda mimba wangu alipomaliza kidato cha sita alisema anataka kufanya kazi za fedha. Nilifurahi mno, kwa kuwa nami nilikuwa karani wa benki kwa miaka mingi. Papo hapo nikaamua kwamba atakwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma shahada ya biashara. Sababu yangu, nakiri mbele yako, haikuwa ya kitaalamu: nilitaka majirani wasikie jina la Mlimani.

Binti yangu hakunibishia. Alileta karatasi za Mlimani, za Mzumbe, na za Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kile kilichoanzishwa mwaka 1972, kilichopo Mtaa wa Shaaban Robert. Akasema, "Baba, zote hizi zina neno fedha. Tutazame ndani mna nini."

Tukatazama somo kwa somo. Tuliona kwamba uhasibu zaidi humfundisha mtu kuandika na kukagua yaliyokwisha kutendeka, ilhali fedha humfundisha kupima yajayo: nani akopeshwe, kwa riba gani, na shilingi ya leo italinganaje na ile ya miaka 5 ijayo. Kazi hiyo yadai hesabu na takwimu, wala haikwepeki. Tukaulizia pia kama kozi inatambuliwa na mamlaka ya serikali inayohusika. Kama mwanafunzi hupelekwa maofisini kwa mazoezi. Na kama siku moja akitaka mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, shahada hiyo itamwanzisha ngazi gani.

Ndipo aliponiuliza, "Baba, mbona wewe hukuendelea kusoma?"

Nilikaa kimya kitambo. Kisha nikamweleza jambo ambalo hata mama yake hakulijua. Niliwahi kupewa nafasi ya masomo, nikaikataa kwa kuogopa hesabu. Sheria ya mwaka 1991 ikaja ikaruhusu benki za watu binafsi; mwaka 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza kazi. Mambo yakabadilika. Wenzangu waliosoma wakapanda vyeo. Mimi nikabaki dirishani nikihesabu noti za watu hadi nilipostaafu.

Alinisikiliza, kisha akasema kwa upole, "Hata mimi naziogopa, Baba. Lakini nitaogopa huku nikisoma."

Ndugu msomaji, neno hilo lilinishinda. Binti alichagua benki na fedha, pale Mtaa wa Shaaban Robert, nami nikauza kiwanja nilichokiweka kwa ajili ya uzee wangu ili nilipe karo. Sijuti.

Nawe ukiketi na mwanao kwa shauri kama hili, usianze na jina la chuo. Jina hupendeza barazani, bali kazini mtu huulizwa anachokijua. Fungua orodha ya masomo, uliza maswali, kisha mwache mwenye safari achague njia. Na kama una hofu yako ya zamani, mwambie waziwazi, usimrithishe kimyakimya.