Ampli Haiwaki

Kisangani, nilikojifunzia ufundi, ampli ya gari ilikuwa haikai garini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabu. Watu walitembea kwa miguu au walipanda toleka, zile baiskeli za abiria zilizojaa mjini wakati wa vita. Muziki, hata hivyo, ulitakiwa kila mahali: kwenye baa tunazoziita nganda, matangani, kanisani. Ampli ya gari inakula volti 12 za batri, na batri haina habari kama kituo cha umeme cha mto Tshopo kinafanya kazi au kimezimika. Kwa hiyo watu waling'oa ampli kwenye magari yaliyokufa, wakazifunga juu ya ubao pamoja na batri na redio ya kaseti, na mtaa mzima ukacheza.

Nilianza kazi baada ya vita vya siku 6, vile vya tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu na kutuacha bila maji wala umeme. Biashara ya mtoni kutoka Kinshasa ilikuwa imekatwa na vita tangu 1998. Kipuri kilikuja kwa ndege, kwa bei ya ndege. Papa fundi aliyenifundisha, pale Makiso karibu na soko kuu, hakutupa hata skrubu. Chuma chake cha kulehemu kilikuwa na kichwa kinene cha shaba, na alikipasha moto kwenye jiko la makaa. Alikitoa, akakipangusa kwa kitambaa kibichi kikalia tsss, akagusa risasi kuona kama inayeyuka mara moja, kisha akawa na muda mfupi tu wa kuunga miguu miwili au mitatu kabla hakijapoa. Ukilehemu namna hiyo unajifunza kutolehemu bure. Unatafuta ugonjwa kwanza.

Mteja akifika na neno "papa, ampli haiwaki", swali la kwanza halikuhusu ampli. Aliuliza: "Redio unayotumia ni ya wapi?" Ampli ya gari ina matundu matatu ya umeme: chanya ya batri, hasi, na katikati yake tundu dogo lililoandikwa REM. Garini, redio ikiwashwa hupeleka volti 12 kwenye tundu hilo kwa waya mwembamba, na hiyo ndiyo amri ya kuamka. Bila amri, hata batri iwe mpya, ampli inalala. Sasa mtu ametoa ampli garini, ameunga redio ya nyumbani isiyo na waya huo, amri itatoka wapi? Papa fundi alichukua kipande cha waya, akakiunga kutoka chanya hadi REM kupitia swichi ndogo, na taa ya kijani ikawaka mbele ya mteja. Swichi ilikuwa ya lazima. Waya ukiachwa umeungwa moja kwa moja, ampli haizimiki, na asubuhi batri imekwisha.

Wengi waliponea hapo. Kwa waliobaki, tulishika taa.

Taa yenyewe ilikuwa globu ya kiashiria cha gari, ya wati 21, imelehemiwa nyaya mbili. Voltimeta tulikuwa nayo, lakini papa fundi aliiamini kwa kiasi. Waya uliooza ndani ya ganda lake na kubaki na uzi mmoja bado unaonyesha volti 12 kwenye voltimeta, kwa sababu voltimeta haivuti umeme wa maana. Weka taa mahali palepale: inataka karibu ampea 2, uzi mmoja uliooza haupitishi, taa inabaki giza. Nilimwona akifanya hivyo kwa ampli iliyokwisha kupita kwa mafundi wengine na kufunguliwa, kila mmoja akaongeza alama zake za bisibisi. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa hasi, mahali ulipobanwa na bolti yenye kutu. Alikwangua kutu kwa kisu, akakaza, akamrudishia mwenyewe ampli yake bila kuifungua.

Mwaka 2003 barji za wafanyabiashara zilipoanza kupanda tena kutoka Kinshasa, vipuri vikashuka bei na kazi ikahamia ndani ya sanduku la ampli. Ile ilikuwa miaka niliyoipenda. Ndani ya ampli za zamani kulikuwa na nafasi ya kidole. Unakuta fyuzi imekatika, na mwenyewe amefunga kipande cha waya badala yake, basi unajua transista za umeme zimekufa: zile zinazowasha na kuzima volti 12 maelfu ya mara kwa sekunde ili transfoma ya duara izipandishe. Unazing'oa, unaweka IRF3205 mpya. Kabla ya kuiwasha kwa nguvu zote unaunga ile taa mfululizo na chanya. Ikiwaka kwa mwanga mkali na kubaki hivyo, bado kuna mahali pameungana. Ikimulika kidogo na kufifia, umepona. Na kama transista zote ni nzima, unaipima saketi ya TL494 inayoziendesha: volti 12 kwenye mguu wa 12, volti 5 kwenye mguu wa 14. Mguu wa 12 ukiwa mtupu, amri ya REM imekufia njiani.

Halafu zikaja ampli za daraja D, ndogo, nyepesi, vipuri vyake vidogo kama mbegu za nyanya na namba zake zimefutwa kiwandani. Vijana wa sasa hawazitibu, wanabadilisha bodi nzima. Siwalaumu, maana bodi inapatikana sokoni na namba iliyofutwa haitafutiki. Kinachonisumbua ni kwamba bodi inalaumiwa kabla waya haujaguswa.

Hivi karibuni nilivuka mto kwenda Lubunga, kwenye kanisa moja lililokuwa limeita fundi mara kadhaa. Taa ya ampli inawaka, inakufa palepale. Batri ya sola ilikaa nyumbani kwa mchungaji, mita 10 hivi kutoka kanisani, na umeme ulikuja kwa waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5. Voltimeta ilisoma 12.5. Nikawasha ampli huku ncha za voltimeta zikiwa kwenye matundu yake, namba ikaanguka chini ya 10, na kiungo kilichosokotwa kwa mkono kilikuwa na joto. Waya ule, kwenda na kurudi, ukivutwa ampea 20 unakula zaidi ya volti 4 peke yake. Tuliihamisha batri ikakaa nyuma ya spika, tukatumia waya wa milimita za mraba 16 usiozidi mita moja, na fyuzi pembeni ya batri. Kwaya ilikuwa inasubiri, ikaanza mazoezi. Mchungaji akauliza afanye nini na fedha alizokwisha kuchangisha za bodi mpya, nikamwambia anunue batri ya pili.